Herufi Moja Pungufu

Mishumaa ya mwaka huu ni ya betri.
Watu wa bima wamekataa moto,
maana mbao za nyumba hii zina miaka mia mbili na ushee
na ukavu wake ni wa kuogopwa.
Basi Bi Hester Lindqvist kapanda ngazi
na goti lake bovu na ulimi wake mkali,
akaweka taa moja kila dirisha:
kumi na tisa, sawa na idadi ya walio mbali.

Nje theluji inaanguka bila haraka,
kama mtu anayechambua mchele.

Tumefungua hata chumba cha juu,
cha yule kijana wa zamani aliyeifuata ngoma ya vita
akaacha viatu vya kutelezea barafuni msumarini.
Vingali pale. Tunavipangusa kila Jumanne.
Mama yake, wasimuliavyo, alimwekea sahani
Krismasi saba.
Ya nane akampa paka.

Hilo hatuwaambii wageni.

Kazi yangu ni vikadi: jina, cheo, mahali.
Mahali pengine hapatajwi,
naandika "Mbali" kwa wino wa kijani,
nafunga kwa utepe kwenye mti.
Watu wanakunywa maji ya tofaa yaliyochemshwa na mdalasini,
watoto wa shule wanaimba, mmoja anapiga chafya,
meya anashukuru, anashukuru tena,
na mimi nahesabu vikombe.

Ndipo akaingia Emmett Sawtelle, fundi bomba,
mikono ikinuka mpira na kutu,
akasimama mbele ya mti
mpaka nikadhani anasali.
Alikuwa anasoma.
"Umeandika L moja," akasema. "Ni mbili.
Kifuani pake zimeshonwa mbili."

Nikatamani sakafu ipasuke inimeze.
Nikampa kalamu. Akatafuta pa kuegemea:
hakuna meza ila zilizozungushiwa kamba,
hakuna kiti ila cha mwenye nyumba wa kwanza,
ambacho hata meya hajawahi kukigusa.
Akaivuka kamba. Akakaa.
Kiti kikalia kwii.
Bi Hester akafungua mdomo,
akaufunga, akageukia dirishani
kutengeneza taa isiyo na hitilafu.

Akaiandika ile L taratibu,
kama anayeunga bomba ndani ya ukuta
ambao hatarajii kuubomoa tena.

"Huko kumekucha," akasema, bila kuniangalia.
"Sasa hivi Corinne anapiga mswaki
na bomba kaliacha wazi.
Tangu ana miaka minne namwambia, funga maji."
Akacheka kidogo, peke yake,
akanirudishia kalamu, akavaa kofia.

Wageni walipokwisha kutoka
nilivishusha vile vikadi kumi na vinane,
nikawasha taa ya jikoni,
nikaanza kuhesabu herufi.