Viazi Vyangu Vinapanda Mlima

Jana usiku nilimenya viazi kilo mbili,
vile vyekundu vya shamba la Don Evaristo,
nikavichemsha kwa chumvi na majani ya kitunguu.
Yolima akala sahani tatu, hakusema asante.
Sikudai. Asante yake huja kwa miguu.

Sasa nimesimama kona ya kumi na saba,
mita elfu tatu juu ya bahari nisiyoijua,
blanketi mabegani, mapera ya kusongwa mfukoni,
na huko chini, katika ukungu wa Boyacá,
viazi vyangu vinapanda mlima kwa baiskeli.

Mdogo wake, Nubia, anasomea uuguzi Tunja.
Alinieleza kwa simu, mara mbili,
maana mara ya kwanza nilidhani ananitania:
Mama, viazi havikulala tumboni.
Vilivunjwa vikawa sukari, sukari ikaingia damuni,
ikasukwa mashada, ikawekwa akiba,
kidogo kwenye ini, tele mapajani.
Kumbe mapaja ni ghala!
Na mimi nilikuwa nikimcheka suruali zikimbana.

Kipenga kilipolia pale sokoni
hakuna kiazi kilichoitwa.
Mwanzo mwili hulipa kwa chenji za mfukoni,
sekunde chache tu, mfuko mtupu.
Ndipo mlango wa ghala unapofunguliwa.

Ndani ya misuli, anasema, mna meko,
meko madogo kuliko vumbi la unga,
hayana moshi, hayana jivu,
ila yanataka hewa,
na hewa ya huku juu ni nyepesi
kama supu ya mwisho wa mwezi.
Mafuta nayo yanaungua, polepole, kama gogo bichi:
yanatosha siku nyingi, lakini hayana haraka.

Kona ya tisa, barabara inasimama wima.
Hewa haiyatoshi meko yote.
Basi sukari inapasuliwa mbiombio, nusu mbichi,
kama mpishi aliyevamiwa na wageni,
na kinachobaki huitwa laktati,
jina lililochotwa kwenye maziwa yaliyochacha.

Maziwa!
Miaka sita mtoto huyu amebeba maziwa ya watu
kwa baiskeli ya chuma, kabla ya jogoo,
madebe mawili, kulia na kushoto,
na leo mapaja yanatengeneza ya kwao.
Wazee wa sokoni husema ni sumu.
Nubia anakataa: moyo huyanywa, Mama,
na ini huyapokea, likayarudisha kuwa sukari.
Hakuna kinachotupwa.
Hilo nililijua bila chuo.
Maji ya jibini kwa nguruwe, maganda kwa kuku.

Huyo anakuja. Wa saba.
Gurudumu la mbele linaandika herufi za mlevi,
macho yamefunguka lakini hayana mtu ndani.
Uso huo naujua, ni ule wa mtoto
anayeamka usiku kwa njaa asijue ni njaa.
Ghala limefagiliwa.

Ninakimbia ubavuni kwake na viatu vyangu vya mpira,
namsukumia pera kinywani kwa vidole.
Tafuna! Tafuna, wewe!
Hanioni. Taya linasogea.

Nubia alinionya: sukari huchukua dakika kadhaa kufika mguuni,
ila ulimi ukionja utamu tu,
ubongo huamini kabla mzigo haujashushwa.

Na kweli. Kona ya kumi na nane
mgongo unanyooka, gurudumu linashika mstari,
na bado hakuna hata punje ya pera iliyofika pajani.
Anapanda kwa mkopo.

Nabaki katikati ya barabara, nahema kama ng'ombe,
mkono unanata.
Sijui atamaliza wa ngapi.
Leo nitamenya kilo tatu.