Kuni Mbichi Moja

Juni, huku kusini kabisa mwa Chile,
ndiyo inayofunga milango.
Theluji imefika kizingitini bila kupiga hodi.
Saa mbili usiku umeme ukakatika,
wala hatukunung'unika:
jiko la kuni halina habari na nguzo za barabarani.

Ni jeusi, la chuma, miguu minne kama ndama,
mlango wake wa kioo umepasuka pembeni.
Mguu mmoja mfupi. Chini yake kuna kigae
alichokichomeka baba mwaka wa mafuriko
akasema ni kwa wiki moja tu.

Nafungua. Naingiza kuni za lenga,
mti wa milimani kwetu, na kweli hulenga:
joto lake huanza na magoti,
likapanda polepole hadi kwenye ndewe za masikio.
Mwanzoni kimya. Gome linafuka, linasitasita,
kama mtu aliyeitwa jina usingizini.
Kisha, ta.
Kisha, ta-ta.
Kisha moto ukaivaa kuni mzima mzima.

Chini una buluu, ile ya mshipa wa mkono.
Katikati ni kiini cha yai la kuku wa Ermelinda, jirani yetu,
ambao hula mahindi kuliko sisi.
Na juu kabisa hauna rangi,
ni hewa tu inayotetemeka,
na ukutani kivuli cha birika kinacheza
ilhali birika lenyewe limetulia.

Baba yangu, Belarmino, haya yote anayaona.
Kusikia ndiko hawezi.
Miaka arobaini na mmoja ya msumeno wa kiwanda cha mbao
ilimla masikio, la kulia kwanza.
Nilipokuwa mdogo alinikalisha hapa hapa akinifasiria:
huo ni utomvu, huo ni upepo umeingia bombani,
huyo ni mdudu, maskini, alidhani amepata nyumba.
Leo mkalimani ni mimi.
Namgongea kwa kidole juu ya kiganja:
ta. ta-ta. (nangoja) tatatata.
Bomba la moshi likivuma, napitisha ukucha
kutoka kiwikoni hadi kwenye kifundo.
Birika likianza kuimba, nampulizia mkononi.
Anatikisa kichwa kwa adabu,
kama mtu anayesomewa barua ya mtu mwingine.

Halafu ananyang'anya kazi.
Anachukua chuma cha kuchochea,
ncha anaigusisha jikoni,
mpini anauegemeza kwenye taya,
anafumba macho.
Muda mrefu. Nikadhani amesinzia.
Akasema, kwa sauti kubwa ya wasiojisikia:
"Umetia kuni mbichi."

Nikacheka mpaka nikamwaga kibuyu cha chai.
Kweli. Moja tu, nyuma kabisa.
Turubai la kuni kavu lilikuwa limegandiana na barafu,
nami nikaona uvivu, nikachukua ya karibu,
nikaificha nyuma ya wenzake.
Sasa inajitoa yenyewe: povu mwishoni,
na mluzi mwembamba, mwembamba,
kama mtoto anayejifunza kupiga mbinja.

Naikamatia koleo. Baba ananizuia.
"Iache ilie. Hayo ni maji ya mvua ya Machi.
Sijaisikia mvua tangu..."
Hakumaliza.
Akarudisha mpini kwenye taya.

Nami nikanyamaza, nikakunja vidole vyangu
visivyo na kazi tena,
nikasikiliza mvua ya Machi ikitoka kwenye mti
tone kwa tone, ikipiga mluzi, ikawa mvuke.

Saa sita makaa yalijiporomosha, chwaa,
na baba akafumbua macho kabla sijamwambia.
Moto huzaa jivu, ndiyo.
Nitalizoa asubuhi kwa ndoo,
nilimwage ngazini juu ya barafu,
apate kushuka mwenyewe
kwenda kunichagulia kuni.