Mfua Nguo wa Mikindani

Sina haja ya kuwauliza mmetoka wapi.
Natumbukiza suruali kwenye beseni, maji yananijibu.
Yakiwa mekundu, mmeshuka na vumbi la Newala.
Yakiacha mchanga mweupe chini, mlilala Msimbati.
Yakiwa meusi kama chai iliyosahauliwa jikoni,
huyo kadandia lori, kalalia viroba vya mkaa.

Miaka kumi na moja nafua kwenye gesti hii,
chumba kwa chumba, nchi kwa nchi,
na Ruvuma sijaivuka.

Basi nisikilizeni, nyie mnaobeba nyumba mgongoni.

Jinzi acheni kwenu. Masika ya huku haikauki,
siku ya tatu inanuka panya
na basi la Masasi limeshaondoka.
Chukueni kanga. Ni taulo, ni shuka,
ni pazia la dirisha lisilo na pazia,
ni stara ukibisha hodi kwa watu.
Uwera, binti wa Kigali, alinibishia siku ya kwanza.
Siku ya nne akanunua doti mbili.

Pesa msizirundike mfuko mmoja.
Nimeshaanika noti za nchi saba kwenye kamba hii,
nimezibana kwa vibanio kama soksi,
mwenyewe kakaa kizingitini
anamwomba Mungu azuie upepo.
Hata pasi ya kusafiria nimeshaifua.
Picha ilichuja, bwana wa watu akabaki hana pua.

Halafu pasi ya pili, ile ya kunyooshea nguo!
Wanasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.
Aliyesema hakupandisha begi la Joon ngazi kumi na tisa.
Nililifungua nitoe nguo chafu, nikaikuta humo, chuma kitupu,
na kijana anakwenda kulala kwenye hema.

Bibo kuleni mkiwa mmeinama.
Tone likiangukia shati
msiniletee jiki, msiniletee limau, msinililie.
Doa la bibo halitoki.
Mtalivaa mpaka kwenu,
mama zenu watauliza ni nini,
nanyi mtakosa pa kuanzia.

Mwaka juzi mtu alisahau begi dogo la kijani
chini ya kitanda namba tano.
Tulimwandikia. Akajibu: mpeni atakayelitumia.
Likakaa kabatini kwenye mashuka,
kimya, kama mgeni aliyelipa mapema.
Kila nikichukua shuka, linanitazama.

Mtembezi hula miguu yake, bibi alikuwa akinikanya.
Na mimi niliyeketi, bibi, nimekula nini?
Povu.

Jumatatu nikalishusha.
Kanga doti moja. Kipande cha sabuni.
Kamba mita tatu, sindano, korosho nusu kilo.
Nikatia kitabu, nikakitoa, nikakitia tena.
Nikapima kwenye mizani ya dagaa ya Namkoto:
kilo nne na robo. Namkoto akacheka,
akaniuliza robo ni ya nini.
Nikamwambia ya woga.

Kilambo, afisa akaigeuza hati yangu mbele na nyuma.
"Unauza nini?"
Siuzi.
"Msiba?"
Hapana.
"Mume yuko ng'ambo?"
Sina.
"Sasa unakwenda kufanya nini?"
Nikayatazama maji ya mto nyuma yake,
rangi ileile ya beseni la kwanza la Jumatatu.
Kutembea.
"Kutembea," akasema polepole,
kama anayeonja mchuzi wa jirani,
kisha akautafuta muhuri, na muhuri
ulikuwa mkononi mwake.

Beseni nimemwachia Mwanahawa.
Nimemwonyesha kamba isiyokatika,
na mteja anayekopa.
Nimemwambia: siku nikirudi usiniulize kitu,
mwanangu.
Chovya gauni langu,
utazame maji.