Zamu ya Maji

Tulianza alfajiri, mimi na Izza,
pale kijito kinapotoka chini ya mwerezi ulioanguka,
hakijazidi upana wa kiganja.
Theluji ya mwisho ya Atlasi ililala kivulini,
imechafuka kama pamba iliyotolewa kidondani.
Nyani wawili wasio na mikia walitutazama
kama mashahidi walioitwa mahakamani mapema mno.

Miaka mitatu hatukusemezana.
Nyumba tuliigawana bila neno,
tukagawana mizinga, mazulia, hata deni la dukani.
Kilichotushinda ni maji:
nusu usiku, kila siku ya tisa,
urithi usioshikika
unaopimwa kwa bakuli la shaba lenye tundu kitakoni.
Linaelea, linakunywa, linazama:
zamu moja.
Lizame mara ngapi, na kwa nani?
Hapo ndipo tulipotoana machozi.

Lakini shangazi Tuda anaumwa kule chini, kwenye mitende,
na alitutaja sote wawili katika simu moja,
na njia ya kushuka ni hii tu.

Izza mbele. Mimi nyuma.
Kijito kikasema kwa niaba yetu.
Kilibishana na mizizi, kikajijibu,
kikanong'ona penye kina, kikapayuka penye mawe,
na mtu aliyetuona kutoka ng'ambo
angedhani ni ndugu wenye mengi ya kuambizana.

Tulikivuka mara kumi na moja. Nilihesabu.
Mierezi ikapungua, ikaja mialoni mifupi yenye majani ya miiba,
ikaja mijozi ya Bassou, kila mmoja na jina la binti yake,
ikaja mitofaa iliyopakwa chokaa shinani,
kisha hapakuwa na mtu aliyepanda kitu.
Mlima ukavua nguo.
Vichaka vya maua mekundu, vile vyenye sumu
ambavyo hata mbuzi huviheshimu,
vikajipanga kandokando ya maji
kama wageni kwenye harusi ya watu wasiowajua.

Nikavua sweta. Nikavua shali.
Izza akavua koti, akalifunga kiunoni
kwa fundo la mama, lile la kulia kwanza.

Kijito nacho kikaanza kuvua:
kikavua povu, kikavua kina, kikavua sauti.
Kikawa uzi.
Kikawa doa jeusi mchangani
na nyigu watatu wakilinyonya.
Halafu hakikuwapo.

Sikujua kimya kina uzito ule.
Mbele yetu jangwa, changarawe mpaka macho yachoke,
na mstari mwembamba wa kijani, mwendo wa saa nzima.
Nikasikia viatu vyangu. Nikasikia vyake.
Nikasikia bakuli la shaba likigonga chupa mkobani mwangu,
ti, ti, ti,
bakuli nililoapa, mbele ya mashahidi, kwamba sikulichukua.

Izza akasimama. Hakugeuka.
"Kamba ya kiatu chako imefunguka," akasema.
"Tangu kivuko cha nne."

Nikainama.
Vidole vikanisahau, kama vya mtoto anayefundishwa fundo.
Mchanga pale chini ulikuwa na ubaridi.
Niliiacha kamba, nikachimba,
kiganja, kifundo, mpaka kiwikoni,
na maji yakaja, taratibu, ya matope,
yakanuka mwerezi. Au nilitaka yanuke.

Nikalitoa bakuli. Sikueleza.
Nikaliweka juu ya kile kidimbwi
kisichotosha hata kumwosha kuku.
Izza akachuchumaa. Magoti yake yakalia, kama yangu.
Tukalitazama likinywa kupitia tundu lake,
tone, tone.

"Zamu hii ni yako," nikasema.

"Nyamaza," akasema. "Halijazama."