Volti Moja na Nusu

Balbu ya tatu imeungua wiki hii.
Zhiguli la baba, la mwaka themanini na nne,
rangi ya chai iliyosahaulika kikombeni,
linatoa macho barabarani kama mlevi.
Ndani kunanuka yai viza.
Nikafungua boneti: betri inatokota,
maji yamekauka hadi mabamba yametokeza vichwa.

Hapa Gyumri, Februari, majirani wote
wanalilia betri zisizoshika chaji.
Yangu inakufa kwa kuvimbiwa.

Baba akashuka, koti juu ya pajama.
"Kidhibiti kimekufa. Nunua kingine."
Nikaenda kwa Mnatsakan, muuza vyuma chakavu,
akanifungia kimoja ndani ya gazeti kama samaki.
Skrubu mbili. Vidole vikinata kwenye spana kwa baridi.
Nikawasha, nikabana waya za mita:
kumi na tano nukta sita.
Vilevile.
Cha zamani, masikini, nilikwisha kukitupa kwenye theluji.
Nikarudi kukiokota, nikakifuta kwa mkono wa sweta.

Baba akataka tubadilishe alternata.
Nikamwambia ngoja.
Nikapima betri: kumi na tano nukta sita.
Nikapima pale kidhibiti kinapopokelea habari:
kumi na nne nukta moja.
Nikapima tena, nikidhani ni baridi inayonichezea.
Kumi na nne nukta moja.

Volti moja na nusu imepotelea njiani.
Kidhibiti hakikuwa kichaa, basi.
Kila sekunde kililetewa taarifa ya njaa,
nacho, mtiifu, kikaamuru: ongeza.
Ongeza. Ongeza tena.
Huku betri imeshiba hadi inatapika asidi.

Miaka ile ya giza, baada ya tetemeko,
tulipoishi ndani ya kontena la bati,
baba aliichomoa betri ya gari kila jioni,
akaibeba kifuani kama mtoto mwenye homa,
akaiunga na balbu ya taa ya nyuma juu ya meza.
Hapo ndipo nilipojifunza saba mara nane.
Dakika arobaini, saa mkononi, kisha: "Zimeni."
Lazima ibaki ya kuwashia gari asubuhi.
Mara nyingine haikubaki.

Nikafuata waya kurudi nyuma, inchi kwa inchi,
kupita ukuta wa injini, chini ya dashibodi,
kichwa kwenye pedali, miguu nje kwenye theluji,
hadi kwenye sanduku la fyuzi. Ya tisa.
Haijakatika. Ingekatika ningeigundua zamani.
Imeota kijani tu kwenye ncha zake,
kutu nyembamba kuliko ukucha,
inapitisha habari, lakini pungufu.

Nikaisugua kwa tupa ya kucha ya binti yangu,
nikasugua na vibanio vyake hadi shaba ikacheka.
Nikawasha.
Kumi na nne nukta mbili kwenye betri.
Kumi na nne nukta moja kwenye kidhibiti.
Taa zikatulia. Hata sauti ya injini, naapa, ilishuka pumzi.

Baba akainama juu ya mita, miwani ikiwa na ukungu.
"Imepungua," akasema.
Nikamweleza. Fyuzi, kutu, taarifa ya uongo.
Akatikisa kichwa kama anayekubali,
akapanda ngazi, orofa nne, akashuka akihema
na mfuko: lavashi, jibini ya chumvi,
viazi kilo tano, mishumaa miwili.

Nina miaka arobaini. Nyumbani kwangu kuna umeme,
na viazi vya Jumapili iliyopita bado vimejaa baraza.
Tupa ya kucha ilikuwa bado mkononi.
Nikaitia mfukoni,
nikafungua mlango wa nyuma,
nikasogeza viti, viazi vikaingia.