Sare

Saa kumi na mbili asubuhi zamu yetu imekwisha,
lakini wenzetu wa mchana hawajafika Barabara ya Enterprise,
na unga ulioumuka haumngoji mtu.
Mwangangi anatoka ofisini na daftari kwapani:
"Abaki mmoja. Ovataimu, saa mbili."
Tumeinua mikono wawili, Awiti na mimi.
Anapapasa mfukoni, anatoa shilingi ishirini.
"Ndovu au ngao?"

Juu ya gunia la sukari simu yangu imeegemea debe la mafuta,
kioo kimepasuka pembe hadi pembe.
Humo ndani, kwao ambako bado ni jana usiku,
wanaume wenye mabega ya kabati
wamemaliza robo nne bila mshindi,
ishirini na tatu kwa ishirini na tatu,
na mwamuzi mwenye milia naye
anatoa sarafu.

Kwao mgeni ndiye huchagua upande.
Kwetu mgeni hupewa kiti.

Mchezo huu nilifunzwa na kaka yangu Khaemba, aliye Ohio,
kwa ujumbe wa sauti, kipande kwa kipande, akiwa kazini,
mashine zikinguruma nyuma yake kama zangu.
"Nanjala, zamani ilikuwa hivi: ukishinda sarafu,
ukaupata mpira wa kwanza, ukavuka mstari,
basi. Taa zizimwe.
Wale wengine waende bafuni, hawajaugusa."

Ujumbe uliofuata ulikuwa na sekunde tisa za mashine tu.

Maana Kimilili baba alikuwa na ng'ombe mmoja wa kuuza
na watoto wawili waliopita mtihani.
Hakurusha sarafu.
Khaemba aliupata mpira, akakimbia,
akavuka mstari, akavuka na bahari,
na mimi huku nimeshafunga kamba za viatu.

"Siku hizi wamebadilisha," alirudi kusema.
"Dakika kumi. Kila upande lazima uguse.
Wa kwanza akipata hata sita, wa pili apewe zamu ajibu,
labda yule wa kwanza anyang'anywe na kufungwa papo hapo,
au aangushwe na mpira ndani ya eneo lake mwenyewe.
Kila mmoja akishacheza zamu yake na bado mko sawa,
atakayetangulia kupata chochote, hata tatu za teke,
amemaliza."
Na dakika zikiisha?
"Kila mtu kwao. Ni kwenye mtoano tu ndipo wanaongeza
na kuongeza, mpaka mmoja aanguke."

Nilisema ngao. Ikalala ndovu.

Awiti akafunga tena kitambaa chake, bila kunitazama.
Ana kijana wa kidato cha pili aliyerudishwa karo Alhamisi.
Mimi nina kodi. Nilianza kuvua glavu.
Kwenye simu wa kwanza walisukuma, wakasukuma,
wakala dakika sita, wakapiga teke: tatu.
Wa pili wakajibu: tatu.
Zikabaki sekunde arobaini, na teke refu
likagonga mlingoti, likaruka nje,
na wapakizi wote wa mkate, wasiojua hata sheria moja,
wakapiga kelele kama wenye hisa.

Ni hapo Awiti aliposema,
"Nanjala, shika tanuri saa ya kwanza. Mimi nitashika ya pili."

Mwangangi akalalamika: fomu ina mstari mmoja.
"Andika kwa herufi ndogo," Awiti akamwambia.

Nikamwandikia Khaemba neno moja: Sare.
Akajibu upesi, kumbe alikuwa macho:
"Mchezo, au ile nguo ya kazi bado umeivaa?"

Nilijitazama, unga hadi kwenye viwiko,
jina la kampuni likichubuka kifuani.
Trei ya tatu ilikuwa inaanza kuungua.
Nikaivuta.