Sululu wa Pullao

Eduvina Levicoy alizijua sululu mbili:
moja ya chuma, mpini umekazwa kwa waya,
nyingine haina mpini, ina miguu,
hushuka Pullao mwezi wa Septemba
viazi vikianza kuchipua gizani chini ya kitanda.

Maji yakipwa waliingia wote wawili,
yeye na mabuti ya mpira ya marehemu mumewe,
ndege na vidole vitupu.
Yeye huchimba. Ndege hachimbi:
hupapasa tope kama mtu anayetafuta funguo
mfukoni mwa koti la mwenzake,
akitazama kando,
kisha mdomo wote, hadi kwenye paji la uso,
na huko chini ncha tu ndiyo hufunguka.
Kaa hutoka akirusha mateke.
Hukung'utwa mguu mmoja, mguu wa pili,
husuuzwa kidimbwini
("Msafi kuliko wanangu," alisema Eduvina)
humezwa.

Wakati wa bamvua hushiba wote.
Wakati wa maji mafu ndege hugombana na shakwe,
Eduvina na wifi yake,
kwa kipande cha tope kisichozidi meza.

Maji yakijaa husimama malishoni mwa kondoo,
kila mmoja kwa mguu mmoja,
wote wameuelekea upepo, mvua ikiwachapa.
Nimewahesabu mara nyingi.
Sijapata idadi ileile mara mbili.

Mwezi wa Machi hawali tena, wanapakia.
Hunenepa hadi matako yatikisike wakikimbia
(maneno yake, si yangu)
na jioni moja ya Aprili, filimbi saba mfululizo,
tope linabaki na matundu.

Akaja mtu wa chuo na darubini yake.
Akaeleza: kule kaskazini wanakozaa
wazazi huondoka kwanza.
Vifaranga hufuata baadaye, peke yao,
bila wa kuwaonyesha njia.
Eduvina akaacha kuosha kome.
"Na wanafika?"
"Wanafika."
"Hapa? Hapa hasa?"

Wanawe wanne aliwaonyesha njia yeye mwenyewe:
kivuko, basi, namba ya simu
iliyoshonwa ndani ya kola.
Wako Punta Arenas. Belarmino hupiga simu Krismasi,
akikumbuka.

Jioni ile aliisahau sululu yake ufukoni,
ameichomeka mpini chini.
Asubuhi tuliiona kwa mbali,
imeinamisha mdomo, imesimama kwa mguu mmoja,
maji yakiizunguka.